Vidonge Viwili Ndani ya Hanchifu

Wiki iliyopita nilimsindikiza mpwa wangu, mwanamke wa makamo, kwenda kutolewa uvimbe tumboni. Tulikuwa tumekaa benchi moja, yeye na mkoba wake, mimi na bakora yangu, muuguzi alipokuja na karatasi akamwuliza amekula nini, amekunywa nini, na ametumia dawa gani tangu jana. Akajibu hakuna kwa yote matatu. Mimi nilikuwa nimemwona asubuhi ile ile akimeza kidonge cha usingizi alichopewa na jirani. Nikasema. Mpwa wangu alinitazama kwa jicho ambalo sikuwahi kulipata kwake, akasogea mpaka mwisho wa benchi.

Sasa ameshapona na ameshanisamehe, lakini amenitaka nieleze kwa nini mzee kama mimi alimtia aibu mbele ya watu. Nimeona niandike, maana si yeye peke yake atakayekaa kwenye benchi lile.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa mpimaji msaidizi wa ardhi. Nilikuwa nimesoma mpaka sekondari, na siku hizo mtu wa sekondari alijiona mtu. Kazi ilikuwa kuvuta mnyororo wa kupimia mashambani, na siku moja huko Kidichi kisiki cha mkarafuu kilinichoma kwenye muundi wa mguu wa kulia. Nilifunga kitambaa nikaendelea na kazi. Kidonda kiliziba juu, chini kikaoza. Masika ilipoingia nilikuwa na homa isiyoondoka, na mguu umevimba ukawa hauingii kwenye suruali. Mke wangu, Zuwena, aliichana suruali kwa mkasi tangu gotini, akaniambia nitafute gari.

Katika hospitali ya serikali nilichomwa sindano za penisilini asubuhi na jioni mpaka nikawa siwezi kukaa. Homa ilishuka, lakini usaha haukukatika. Daktari wa upasuaji, Mwingereza asiyependa maneno, alisema ndani mna vipande vya mfupa uliokufa. Vitatolewa, na huenda visitoke vyote kwa mara moja. Visipotoka, mguu utakatwa. Na sumu ikitangulia kuingia kwenye damu, hapatakuwa na haja ya kuukata. Nilikuwa na miaka ishirini na minane.

Kitanda cha jirani alilala Mzee Shaali, muuza kahawa wa Darajani, aliyekuja kutengenezwa ngiri. Alikuwa mcheshi na alijua habari za kila nyumba. Siku ya kwanza aliutazama mguu wangu, akasema, "Huo si mguu, bwana mdogo, huo ni mzigo. Umeulipia nauli?" Nilicheka mpaka nikalia.

Jioni ya kuamkia kupasuliwa niliambiwa nisile wala nisinywe kitu mpaka niitwe. Hapo ndipo akili yangu ya sekondari ilipofanya kazi. Nilikuwa na siku nne za Ramadhani iliyopita ambazo sijazilipa. Nikajiambia kwamba kama nitashinda na njaa kwa amri ya daktari, kwa nini nisinuie saumu nikapunguza moja? Nikanuia, nikalala nimejifurahia.

Asubuhi muuguzi alileta vidonge viwili vya rangi ya manjano na maji funda moja. Alisema vya kunituliza. Nilivitia mdomoni, nikavisukuma shavuni kwa ulimi, nikajifanya nameza, na maji nikayatema kwenye taulo alipogeuka. Vidonge nilivifunga kwenye pembe ya hanchifu yangu ya mfukoni. Sikumwuliza mtu kama mgonjwa anayepasuliwa ana ruhusa ya kula. Baba mkwe wangu alikuwa muadhini, angenijibu kabla sijamaliza swali. Nilitaka iwe siri yangu na Mola wangu.

Aliyetia nusukaputi alikuwa mtu wa kwetu, msaidizi wa daktari, jina lake Bwana Makame. Alikuwa mrefu, mkavu, na mikono yake ilikuwa ya baridi kama ya mtu aliyetoka kutawadha. Aliniuliza, "Vidonge umekunywa?"

"Nshakunywa," nikasema.

Niliihifadhi saumu yangu na funda la maji, nikaichafua kwa uongo.

Bwana Makame alikuwa na desturi yake. Hakukwambia uhesabu. Alikwambia umweleze njia ya kutoka pale kitandani mpaka kwako, hatua kwa hatua, na huku akisukuma dawa mkononi kidogo kidogo. Husukuma, husubiri, hukugusa kope kwa ncha ya kidole, husukuma tena. Mtu hulala njiani. Mimi kwetu kulikuwa Ng'ambo, upande ambao baadaye yalijengwa majumba marefu ya Michenzani. Nikatoka lango la hospitali, nikakata Mnazi Mmoja, nikafika Darajani, nikaingia Mwembetanga, nikafika nyumbani, nikafungua mlango, nikamsalimu Zuwena, na bado sijalala. Nilimwona Bwana Makame, juu ya kitambaa alichojifunga puani, akimtazama daktari. Bomba la kwanza la sindano lilikuwa limekwisha. Akajaza la pili. Nakumbuka watu wakinishika mikono, nakumbuka nikitukana, kisha sikumbuki.

Niliamka nina alama za vidole mikononi, koo limechubuka, na nilitapika siku mbili. Siku ya tatu Bwana Makame alikuja na daftari lake la jalada jeusi. Aliinama karibu na sikio langu, akasema kwa sauti ya chini:

"Niwie radhi, Bwana Saidi, hili ni swali la kazi. Mtu aliyezoea pombe, dawa yangu humtosha kwa shida. Wewe watumia?"

"Mimi?"

"Nnatafuta sababu tu. Na vile vidonge, ulivimeza kweli?"

"Nimekwambia nilikunywa."

Akaniangalia, akaandika, akaondoka. Aliuliza kwa adabu kuliko nilivyostahili. Lakini Mzee Shaali alikuwa macho, na ngiri haimzuii mtu kusikia. Wiki haikwisha, baba mkwe akawa na habari kwamba mume wa binti yake ni mnywaji na daktari ameligundua hilo kwenye damu yake. Aliacha kuja kunitazama. Zuwena alipokwenda kwao alirudi macho mekundu, akanifulia nguo.

Ningeweza kujisafisha kwa sentensi moja. Badala yake nilichukua karatasi nzuri na kalamu ya wino, nikamwandikia daktari mkuu barua ya Kiingereza, mwandiko wa kupendeza, nikasema kwamba msaidizi wake hajui kazi, amenitesa kitandani na kisha amenivunjia heshima. Barua ile ilikuwa nzuri. Mpaka leo nazikumbuka baadhi ya sentensi zake, na kila nikizikumbuka nafumba macho.

Kipupwe kilipita nikitembea kwa magongo. Mguu ulikonda ukawa kama wa mtu mwingine, ngozi yake inang'aa, na kutwa nilinuka usaha. Zuwena alikuwa akichemsha vitambaa kwenye sufuria moja asiyoipikia kitu kingine. Vuli ilipoanza, kidonda kilifumuka tena. Daktari akasema kuna kipande kimebaki.

Safari hii niliogopa, kwa kuwa niliyakumbuka yale ya mwanzo. Shangazi yangu wa Kidichi, Bi Mwanaisha, alikuja kunitazama jioni ya kuamkia siku yenyewe na bakuli la uji lililofunikwa kwa sahani. Ulikuwa uji wa kungumanga, kiungo ambacho kikizidi hulevya. Kwetu Unguja wanawake huunywa arusini ili haya iwatoke wapate kucheza, na shangazi alikuwa ametia kungumanga nyingi kupita za arusi.

"Kunywa mwanangu," alisema. "Kesho wakikuchinja wewe utakuwa unatafuta ngoma iko wapi."

Nilikunywa mpaka nikakwangua bakuli. Na asubuhi vile vidonge viwili vya manjano nilivimeza vyote, kwa maji, mbele ya muuguzi. Nilijiona nimekuwa mgonjwa mwema.

Bwana Makame aliniuliza kama vidonge nimekunywa. Nikasema ndiyo, na mara hii ilikuwa kweli. Akauliza, "Kuna kitu kingine? Dawa ya nyumbani, chochote?"

Nikasema hakuna. Sikusema uongo huo kwa sababu ya dini wala ya hofu. Niliona haya kusema kwamba mimi, mpimaji wa serikali, nimekunywa uji wa wanawake.

Daftari lake lilikuwa wazi juu ya meza, na ukurasa wangu ulisema mtu huyu dawa ya kawaida haimwezi. Msaidizi mwingine, tena aliyekwisha kushtakiwa kwa barua, angejaza mabomba mawili akayasukuma kwa haraka yaishe. Kama angefanya hivyo, nisingeandika haya. Yeye aliniambia, "Haya, twende kwenu," akasukuma kidogo, akasubiri. Nilisema natoka langoni. Sikumbuki kama nililipita.

Mengine nilihadithiwa na muuguzi. Robo ya bomba haikwisha, nikaacha kupumua. Bwana Makame aliichomoa sindano, akaninyanyua taya, akanifunika uso kwa kifuniko cha mpira chenye mfuko wa hewa, akawa ananipulizia pumzi kwa kuuminya mfuko kwa mkono. Daktari aliweka kisu chini. Muuguzi aliniambia mkono mmoja ulipochoka alibadilisha wa pili, na wenzake walipotaka kumpokea alikataa, akasema anausikia mfuko unavyomjibu na mwingine hatausikia. Aliuminya hivyo mpaka nikavuta pumzi yangu mwenyewe. Sikupasuliwa siku ile. Niliamka alasiri nimekauka kinywa, kichwa kizito, na kila kitu kikinichekesha.

Daktari alitaka kujua. Mgonjwa mmoja, mkono mmoja, mara ya kwanza dawa haikumtosha na mara ya pili imetaka kumuua. Na kwenye faili kulikuwa na barua yangu. Bwana Makame alionyesha bomba lenye dawa iliyobaki, akasema alichotia ni hiki tu, na hana maelezo mengine. Mtu asiye na maelezo hakai chumba cha kupasulia. Alipelekwa Makunduchi, kwenye zahanati, kufunga vidonda na kugawa dawa ya malaria.

Zuwena alikuja siku aliyosikia kwamba amehamishwa. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akafungua pembe ya kanga yake, akatoa hanchifu yangu iliyofungwa fundo, akaiweka juu ya shuka. Niliijua kabla hajaifungua. Vile vidonge viwili vilikuwa vimeanza kunata.

"Niliviona siku nafua," alisema. "Baba ananambia nirudi nyumbani, mume wangu mlevi. Namwambia hanywi. Ananambia una hoja gani? Hoja ninayo kwenye sanduku langu, lakini si yangu kuitoa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nlikuwa nakungoja useme mwenyewe. Na ule uji pia, bakuli lake nimeliona." Akaifunga tena hanchifu. "Yule mtu ana watoto, Saidi."

Nilimwomba asubiri nipone kwanza. Hili ndilo linalonisumbua kuliko mengine yote. Uongo wa mwanzo nilikuwa mjinga, wa pili nilikuwa na haya, lakini wiki zile tano nilizonyamaza nilikuwa najua kila kitu. Zuwena alisubiri. Aliendelea kuchemsha vitambaa, na usiku alinipa mgongo.

Kaskazi ilianza kuvuma. Daktari akaniita, akasema mfupa hauwezi kungoja tena, na kwa kuwa Makame hayupo, dawa atatia daktari kijana aliyewasili majuzi. Nilimwuliza huyo kijana akitia dawa hufanyaje. Akasema husoma kilichoandikwa juu ya mgonjwa, kisha hutia. Nilitoka pale nikijua kwamba kilichoandikwa juu yangu ni uongo, na mwenye kuuandikisha ni mimi. Sitaki msomaji anifikirie mema: sikwenda Makunduchi kwa sababu moyo ulinisuta. Ulikuwa ukinisuta muda mrefu na nilikuwa nimekaa. Nilikwenda kwa sababu niliogopa kufa.

Nilipanda gari la shamba na magongo yangu, Zuwena pembeni. Bwana Makame tulimkuta barazani kwenye zahanati, anamsafisha mzee mmoja kidonda cha kisigino kilichochomwa na miba ya samaki mwenye sumu, taratibu ile ile, kana kwamba kisigino kile ndicho pekee duniani.

"Shikamoo, Bwana Makame."

"Marahaba. Mguu haujambo?"

Nilimwambia mguu umekuja kumwomba radhi, nikacheka kicheko cha wasiwasi. Hakucheka. Alimaliza kumfunga yule mzee, akanawa, akakaa. Nikamweleza yote: saumu, shavu, hanchifu, barua, uji. Zuwena akaweka vidonge juu ya meza. Bwana Makame alivigeuza kwa kidole. Nilitazamia matusi na nilikuwa nimejiandaa kuyapokea. Alivuta pumzi ndefu tu, akasema:

"Kumbe."

Kisha akasema, "Nilikuwa nshaacha kuiamini mikono yangu. Usiku nnalala nawaza, dawa ni ile ile, mtu ni yule yule. Nikasema labda macho yangu hayaoni tena kope." Alitazama viganja vyake. "Hapa wamenileta, nikaona wamefanya haki."

Nilikuwa nimefikiri nimemharibia cheo. Sikujua kwamba nilikuwa nimemharibia na kile kilichonirudisha duniani.

Alinieleza, bila ukali, kama mtu anayemfundisha mwanafunzi. Alisema kulala ni kama kushuka ngazi ya nyumba ya mjini. Vile vidonge vya asubuhi humshusha mgonjwa mpaka katikati, akafika mikononi mwake ametulia, na yeye kazi yake ni kumshusha vidaraja vilivyobaki. Kwa hiyo dawa ya kwenye bomba huwa ndogo. Asiyemeza vidonge yuko juu darini, itabidi avutwe kutoka huko kwa dawa nyingi, na atapigana. Na aliyeshuka zaidi ya anavyojua mtia dawa, ukimpa kiasi kile kile humshushi tena, unamwangusha. "Mimi sioni ngazi," alisema. "Naona uso tu. Ulipo, unaniambia wewe."

Nikamwuliza nifanye nini. Akasema, "Unaandika vizuri, barua yako niliisoma. Andika nyingine, kwa mwandiko ule ule."

Niliandika usiku huo huo, ukurasa na nusu, nikaipeleka kwa daktari mkuu asubuhi kwa mkono wangu. Kisha nikaenda kwa baba mkwe. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa na tasbihi mkononi. Alisema mgonjwa amepewa ruhusa na Mwenyezi Mungu, na mimi nilijifanya mkarimu kuliko aliyenipa. Kisha akamwuliza Zuwena kwa nini alinyamaza. Zuwena akasema, "Nlitaka mume, baba, sikutaka mshtakiwa." Mzee akafuta uso wake kwa kiganja. Siku ya pili yake alikuja kwetu na kikapu cha machungwa.

Ilichukua majuma mawili Bwana Makame kurudishwa mjini, na daktari alikubali shingo upande kunisubirisha. Siku yangu ilipofika aliniuliza maswali yale yale, kwa sauti ile ile, kama kwamba hatujapata kuonana. Nilimwambia nimemeza vidonge viwili saa moja asubuhi. Nilimwambia jana alasiri nimekula wali kwa samaki na nimekunywa kahawa aliyoniletea Mzee Shaali, vikombe viwili, na tende moja. Nilimwambia shangazi amekuja na bakuli na nimemrudisha nalo, amekasirika. Muuguzi alicheka. Bwana Makame aliandika yote, hata tende.

Kisha akafungua ukurasa wangu, akaniwekea daftari kifuani na kunipa kalamu. Mbele ya tarehe ya kwanza niliandika: hakumeza vidonge, alisema amemeza. Mbele ya ile ya pili: alikunywa uji wa kungumanga, alificha. Mwandiko haukuwa mzuri, kwa kuwa vidonge vilikuwa vimeshaanza kazi yake na mikono ilikuwa mizito. Alisoma, akafunga daftari.

"Haya, Bwana Saidi. Twende kwenu."

Mfupa ulitoka wote. Kidonda kilifunga kabla ya masika na hakijafumuka tena mpaka leo, ingawa mguu ule ni mfupi kidogo na hunitabiria mvua. Bwana Makame aliendelea na kazi ile miaka mingi, na watu waliopita mikononi mwake siwezi kuwakadiria. Amenitangulia mbele ya haki, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake, kwa mguu aliouokoa. Vile vidonge Zuwena alivitupa chooni siku niliyotoka hospitali. Hanchifu aliifua, akanirudishia.

Siku ya tatu baada ya kupasuliwa nilikuwa nimemwomba Bwana Makame anionyeshe alichoandika safari ile. Nilidhani nitakuta maneno mengi. Kulikuwa na mstari mmoja. Nimepata vyeti kadhaa maishani, na hakuna hata kimoja ninachokithamini kuliko mstari ule: "Kiasi cha kawaida. Alilala Darajani."